Mume wangu anataka mkopo wa miaka sita, mimi nimefichiwa hatua ya nne

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Naomba jina langu lisitoke, maana mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na nusu ya mtaa imepita darasani kwake.

Mwaka juzi sauti yake ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la chaki na kupaza sauti mbele ya watoto tisini, walimu wengi wako hivyo. Akanywa asali na tangawizi, akamung'unya vidonge vya koo, zahanati wakamwandikia antibayotiki zaidi ya mara moja. Baadaye sikio la kushoto likaanza kuuma, lakini kila akichunguzwa sikio lenyewe linaonekana zima. Ulipomtokea uvimbe shingoni, mgumu, usiouma, unakaribia ukubwa wa ndimu, ndipo tukapewa rufaa. Wakamkata kinyama, wakampiga siti skani. Ikawa saratani ya zoloto, pale sauti inapotokea.

Siku ya majibu mimi nilikuwa nyumbani, mtoto wetu mdogo alikuwa na homa. Aliyeitwa ndani ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Mgonjwa mwenyewe aliachwa kwenye benchi nje. Shemeji alipotoka akamwambia, "Imewahiwa, ni ya mwanzoni, utapigwa mionzi utapona." Usiku akanipigia mimi simu: ni hatua ya nne, imeshaingia kwenye tezi za shingo, na nisithubutu kumwambia. "Ukimwambia utamuua kabla ya ugonjwa." Nikanyamaza. Karatasi zote zile anazo yeye mpaka leo.

Tukahamia Dar kwa shangazi yangu. Mume wangu alipigwa mionzi siku 35, Jumatatu hadi Ijumaa, uso umevishwa ile kofia ya plastiki waliyoifinyanga kwa sura yake na kuibana mezani asitikisike, na kila wiki alikuwa na dripu ya dawa. Mdomo ulichubuka wote ndani. Kuna wakati alikuwa anameza uji vijiko viwili analia machozi. Lakini alimaliza, hakuruka. Vipimo vya baada ya matibabu walisema hawaoni kitu.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi saba tangu amalize. Amerudi kufundisha, sigara ameacha kabisa. Sauti ni ya chini, mwenyewe anasema wanafunzi wamejifunza kunyamaza. Haachi chupa ya maji hata akienda msikitini, na ugali hauteremki bila mlenda. Mengine yote ni yule yule.

Shida ni hii. Tuna boma letu Pongwe, limefika kwenye lenta. Mume wangu ana miaka 52 na ameleta fomu ya mkopo benki, milioni 15, makato ya mshahara kwa miaka sita, anataka kupaua na kuhamia. Kuna sehemu ya sahihi ya mwenza. Fomu iko kwenye kabati, kila siku ananiuliza nimeisoma.

Usiku mmoja nilitafuta kwenye simu. Nikakuta saratani ya zoloto, hatua ya nne, kuishi miaka mitano, asilimia 34. Kwa hiyo nilivyoelewa amepewa miaka mitano, na hata hiyo mitano wanaoifikisha ni theluthi tu. Miwili imeshakwenda. Huo mkopo wa miaka sita nitaulipa na nini, mimi ninayeshona sare za shule? Na binti yetu mkubwa anakwenda chuo mwakani.

Halafu siku hizi naona dalili. Amekuwa wa kulala tu. Akirudi kazini anakaa barazani na sweta, kwa joto hili la Tanga, anasema anasikia baridi. Uso umevimba kidogo, choo hapati vizuri. Kliniki ya mwisho hakwenda, alisema kuna usimamizi wa mitihani na kwani yeye anaumwa nini, si ilikuwa ya mwanzoni. Shemeji naye akasema asisumbuliwe.

Juzi ameniuliza nataka mabati ya rangi gani, bluu au ya udongo. Mshauri, nilipandwa na hasira nikamjibu vibaya mbele ya watoto, kisha nikajifungia chumbani. Nitie sahihi? Nimwambie? Nikimwambia, ukoo mzima utasema nimemmaliza mimi. Na hiyo hasira, ndiyo kusema mimi ni mke mbaya?

Mke wa Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole tena kwa jinsi ulivyoyabeba haya peke yako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ndani yake kuna maswali mawili yamefungwa pamoja: la mkopo, na la siri. Yote mawili umeyasimamisha juu ya tarakimu moja uliyoiona usiku kwenye simu. Nianze na hiyo tarakimu. Isiposimama sawa, na hayo mengine yatapinda.

Mimi si daktari wa mume wako na sijaona faili lake. Nitakueleza kinachojulikana, wewe ukapime na ya kwenu.

Hiyo "miaka mitano" haikuwa muda aliopewa mtu. Wanaofuatilia saratani huchukua kundi la wagonjwa, wakahesabu kuanzia siku ugonjwa ulipogunduliwa, na ikitimia miaka mitano wanauliza: wangapi wako hai? Asilimia 34 maana yake katika kila watu 100 wa kundi lile, 34 walikuwa hai siku ya hesabu. Ndani ya hao 34 wamo walioishi mwaka mmoja zaidi, na wamo walioishi ishirini wakafa kwa uzee. Hesabu iliishia mitano kwa sababu watafiti walihitaji mahali pa kusimama, na kwa sababu saratani nyingi za kichwa na shingo zikishapita hapo bila kurudi, ni mara chache kurudi. Kwa hiyo ile picha uliyokaa nayo, ya mtu aliyebakiza mitatu, hebu iweke chini kwanza.

Nadhani pia najua jedwali uliloliona, maana limenakiliwa kila mahali. Ni takwimu za Marekani za watu waliogunduliwa mwaka 1998 na 1999. Asilimia 34 ni ya hatua ya nne ya saratani iliyoanzia sehemu ya juu ya zoloto. Jedwali hilo hilo, hatua hiyo hiyo ya nne, ikiwa imeanzia kwenye nyuzi za sauti zenyewe, linasema 44. Ya mume wako ilianzia wapi? Barua haisemi, na huenda wewe mwenyewe hukuambiwa. Watu wale waligunduliwa zaidi ya miaka 25 iliyopita, katika nchi nyingine, na wengi wao hawakutibiwa kwa njia aliyotibiwa mume wako, mionzi na dawa kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, sitaki nikudanganye: huku kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa, wengine hukatiza mionzi katikati kwa kukosa nauli au pa kulala, na kukatiza kunapunguza nafasi ya kupona. Mume wako alimaliza siku zake 35 bila kuruka. Hilo lina uzito kuliko unavyodhani.

Sasa hiyo "hatua ya nne". Hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo, kwa sababu mtu akisikia nne anawaza saratani imeshatapakaa mwilini, mtu apelekwe nyumbani akapumzike. Kwenye saratani za kichwa na shingo nne imegawanywa mara tatu. A ni ugonjwa mkubwa wa pale pale, au uliofika kwenye tezi za shingo, lakini haujaenda mbali. B ni uliojipenyeza mahali pagumu zaidi shingoni, au tezi zimekuwa kubwa mno. C ndiyo iliyoruka kwenda kwenye mapafu, mifupa au ini. Uvimbe wa shingoni kama ulivyoueleza, bila habari ya mapafu, unafanana na A. Sisemi ndiyo, nasema unafanana. Neno la mwisho liko kwenye karatasi zilizoko kwa shemeji yako. Na kuna jambo jingine ulilonieleza bila kujua uzito wake. Mgonjwa ambaye madaktari wamekata tamaa ya kumponya, wakitaka tu kumpunguzia maumivu, kwa kawaida hupewa mionzi ya siku chache, tano au kumi hivi. Wiki saba pamoja na dripu kila wiki ni matibabu mazito, humchubua mtu kama ulivyoona, na hupewa mtu anayetarajiwa kupona. Waliompangia mume wako walikuwa wanalenga kumponya, hata kama lililomfikia shemeji ni neno "nne" tu.

Tena walilenga kumwachia sauti. Zamani saratani kubwa ya zoloto ilikuwa na njia moja, kuliondoa zoloto lote na mtu kupumulia tundu la shingoni maisha yake yote. Mwaka 1991 Wamarekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 332, askari wa zamani: nusu walikatwa, nusu walianza kwa dawa kisha mionzi. Baada ya miaka miwili waliobaki hai walikuwa asilimia 68 pande zote mbili, na wale wa dawa na mionzi karibu theluthi mbili walikuwa bado na zoloto lao. Sauti ya chini inayowanyamazisha watoto wa mume wako imetokana na njia iliyofunguliwa na utafiti ule.

Jambo la tatu ni muda uliopita. Jedwali lolote lile huhesabu kutoka siku ya kugunduliwa, wakati hakuna anayejua dawa itafanya nini. Mume wako hayuko tena siku ile. Saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, chache zaidi ndani ya wa tatu, kisha hupungua sana. Amemaliza mwaka na miezi saba, na vipimo vilikuwa safi. Hajavuka bado, na mtu akikuambia ameshavuka usimkubalie. Ila tarakimu ya siku ya kwanza si yake tena. Ipo nyingine, na anayeweza kuikadiria ni daktari aliyemwona ndani ya koo hivi karibuni.

Lakini hakuna aliyemwona hivi karibuni, kwa sababu kliniki hakwenda.

Niruhusu hapa niseme jambo ambalo huenda likakuuma. Shemeji yako alificha hatua ili kumlinda ndugu yake, na wewe ulinyamaza kwa mapenzi hayo hayo. Sasa tazama ilichozaa. Mwalimu anaamini alikuwa na kitu kidogo, cha mwanzoni, kikaisha. Mtu mwenye imani hiyo, akiwekewa mitihani ya kusimamia upande mmoja na nauli ya kliniki upande mwingine, atachagua mitihani. Hata mimi ningechagua. Miongozo ya Marekani inataka mtu wa mwaka wa pili baada ya matibabu aonekane kila baada ya miezi miwili hadi sita, apitishwe kamera ile nyembamba puani waangalie zoloto, ashikwe shingo. Hii ni kwa sababu ikirudi pale pale na ikaonekana mapema, bado kuna upasuaji unaoweza kumwokoa, huo wa kuliondoa zoloto. Ikionekana kwa kuchelewa, mara nyingi nafasi hiyo huwa imepotea. Kwa hiyo ukiniuliza siri hii inamgharimu nani, sioni kwanza amani yake ya moyo. Naona kliniki zake.

Nije kwenye sweta. Umeandika usingizi, baridi kwenye joto la Tanga, uso kujaa, choo kigumu, ukahitimisha saratani imerudi. Huenda ni kitu kingine kabisa. Mionzi ya shingo hupita pia kwenye tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo inayoendesha joto na nguvu ya mwili. Miezi au miaka baadaye tezi hiyo inaweza kulegea, na ikilegea huleta hasa haya uliyoyataja. Si jambo la nadra kwa waliopigwa mionzi ya shingo, ndiyo maana inashauriwa wapimwe damu kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kipimo kinaitwa TSH, hospitali ya mkoa au maabara nzuri ya mjini watakijua. Ikigundulika imelegea, dawa ni kidonge cha kila siku. Siwezi kukuhakikishia ndicho hicho. Ila kwa saratani iliyorudi ningetarajia usikie mengine: sauti kuharibika upya, kumeza kuwa kugumu kuliko mwezi uliopita, sikio la upande mmoja kuuma tena, damu kwenye makohozi, uvimbe mpya, kukonda, pumzi kukoroma. Ukiona hata moja kati ya hayo, usingojee tarehe ya kliniki.

Nimefurahi kuhusu sigara. Kwa walionusurika saratani hizi, kadiri miaka inavyokwenda, ile ya kwanza hupoteza makali na hatari inayobaki ni saratani nyingine mpya, kwenye mapafu, mdomo au umio (njia ya chakula), kwa sababu moshi ulipita kote huko. Kama kuna wanaovuta barazani kwenu wakija kumjulia hali, wahamishie uani. Meno pia yatazamwe. Mdomo mkavu huozesha meno haraka, na kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuleta kidonda cha mfupa kisichopona, kwa hiyo asing'olewe kabla ya daktari wa meno kujua habari ya mionzi.

Sasa, umwambie?

Nina shaka na kitu kimoja, nacho ni kwamba hajui. Mtu mwenye miaka 52, msomi, amekaa kwenye mabenchi ya mionzi wiki saba na wagonjwa wenzake. Mabenchi yale yana maongezi. Watu huulizana, wewe wapi, umeambiwa hatua gani, yule wa jana mbona leo hayupo. Alishika shingo yake mwenyewe kila asubuhi akinyoa. Anaweza kuwa anajua zaidi ya unavyofikiri, na anaweza kuwa anakulinda wewe kama unavyomlinda yeye. Au hajui kabisa na hataki kujua. Wapo, na wana haki yao. Usichoweza ni kubahatisha kutoka chumbani kwako.

Njia mojawapo ni kuuliza kabla ya kueleza. Siku mmekaa wawili, watoto wamelala: "Baba, siku ile ya majibu uliachwa nje. Umewahi kutaka kujua daktari alisema nini hasa?" Kisha umwache ajibu. Akisema "Yaache hayo, mimi nimepona," umepata jibu, na bado unaweza kumwambia kwamba wewe huna raha mpaka aonwe kliniki na apimwe damu, na hapo huhitaji kutaja hatua yoyote. Akisema "Nataka kujua," usimpe tarakimu za simu. Mwambie mwende wote kwa daktari, jalada likiwa mezani, aulize mwenyewe. Muulizeni ni nne gani. Muulizeni ilianzia wapi. Muulizeni, kwa mtu aliyefika hapa bila kurudi, wanatarajia nini. Atakayesikia kutoka kwa daktari kwamba ilikuwa nne lakini ilikuwa ya kuponywa, na kwamba mpaka sasa iko kimya, amesikia habari tofauti kabisa na ile ya usiku wa simu ya shemeji.

Njia hii ina hatari zake, sizifichi. Anaweza kuingiwa na huzuni, akauacha ujenzi wa nyumba, akawa mtu wa kuhesabu siku. Anaweza kukukasirikia wewe na kaka yake kwa pamoja, na hasira ya mtu aliyefichwa huchukua muda kupoa. Kunyamaza nako kuna hatari, na moja hata shemeji hawezi kuizuia: madaktari wa kliniki hubadilika. Siku yoyote kijana aliyehamishiwa wiki hiyo atafungua jalada, asome kwa sauti "hatua ya nne A," mwalimu amekaa mbele yake peke yake. Unataka ayasikie hivyo, au ayasikie ukiwa pembeni? Hapo siwezi kukuchagulia. Wewe ndiye unayemjua akipata habari nzito anakuwaje.

Shemeji yako usimpite. Yeye ndiye aliyeingia chumba kile peke yake akatoka na neno zito, akalazimika kutunga uso njiani kutoka mlangoni hadi kwenye benchi. Ni mkubwa, mwendee kwa heshima, umwombe karatasi kwa ajili ya kliniki. Hilo si la kugombania, mgonjwa anahitaji karatasi zake. Ukiona anafaa, mweleze habari ya A, B na C. Huenda hata yeye alisikia nne akawaza jeneza, na tangu hapo hajalala.

Mkopo. Fikiria ungekuwa huujui ugonjwa wowote: milioni 15, makato ya miaka sita, mshahara mmoja wa mwalimu na sare unazoshona, binti anakwenda chuo. Je, ungetia sahihi? Kama jibu ni hapana, basi tatizo ni hesabu ya nyumba, na mnaweza kuijadili waziwazi bila kugusa siri yoyote. Kama jibu ni ndiyo, endelea mbele. Akimaliza kulipa atakuwa na miaka 58, kabla ya kustaafu kwa lazima, hilo limekaa vizuri. Mikopo ya mshahara mara nyingi ina bima ya kulipa deni mkopaji akifariki. Waulizeni benki kwa maandishi: bima ipo, inalipa yote, na inasemaje kuhusu mtu aliyewahi kuugua saratani? Hapo ndipo siri inapogusa mkopo. Fomu ya bima ikiuliza maradhi, naye kwa nia njema akajaza "ya mwanzoni, nilipona" wakati faili linasema vingine, kampuni inaweza kupata sababu ya kugoma kulipa, na deni likakurudia wewe. Kuna pia mkopo mdogo, wa kupaua na kuweka milango tu, miaka mitatu, mkahamia bila dari wala rangi. Nyumba nyingi za Pongwe zimehamiwa hivyo. Na kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Hilo ningeliuliza hata kwa mume mwenye afya ya simba.

Mpangilio wa haya mnaujua wenyewe. Mimi ningependa kliniki na damu vitangulie kabla ya benki, kwa sababu majibu yake yanaweza kubadilisha mazungumzo yote, kwa upande wowote. Lakini wapo wake waliotia sahihi kwanza kwa sababu waliona nyumba ndiyo inayomwamsha mume asubuhi, na siwezi kusema walikosea.

Umeuliza kama hasira ya mabati inakufanya mke mbaya. Tangu simu ile ya usiku umekuwa ukimzika mume wako kimoyomoyo, naye kila jioni anarudi nyumbani hai, na mipango, na chupa yake ya maji. Kichwa cha mtu kinachoka kukaa pande zote mbili. Hasira ile haikuwa ya mabati, na nadhani hata yeye aliona. Una dada? Una rafiki wa kanisani, msikitini, hata mteja wa sare anayejua kunyamaza? Mweleze mmoja, yote, kabla hujazungumza na mwalimu, ili siku hiyo yasimwagike kwa mara ya kwanza mbele yake. Kwenye kliniki nyingi za saratani wapo wauguzi na maofisa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni pamoja na kuwasikiliza wake na waume wa wagonjwa. Mwulize muuguzi wa mapokezi, usione haya.

Majibu ya TSH yakitoka, niandikie ukitaka, tuyasome pamoja. Na kuhusu rangi ya mabati, bado hujamjibu.

Mshauri wako